Kila Nikimpa Mkono, Ananawa

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie upesi kwa sababu barua ya kuomba uhamisho nimeshaipiga chapa, nakala tatu, bado sahihi tu, na mkono wa kutia sahihi ndio huo huo ulioniletea balaa. Mimi ni karani katika ghala la tumbaku hapa Mpanda, Mkatoliki wa Mpimbwe, nimesoma kwa masista hadi kidato cha nne, nao walitufundisha kwamba msichana aliyesoma hasalimii kwa kupiga makofi kama bibi yake bali hutoa mkono imara na kumtazama mtu machoni, basi ndivyo ninavyomsalimia kila adhuhuri Ndugu Zuberi, mtunza ghala wetu, Mwislamu wa Ujiji, mtu mpole mwenye macho ya kucheka, naye huupokea mkono wangu vizuri kabisa, "Habari za kazi, dada Theopista," halafu anageuka, anachukua birika, anakwenda nyuma ya ghala kunawa!

Najua Waislamu hutawadha kabla ya kusali, si mshamba kiasi hicho, lakini yeye anakuwa ameshatawadha, miguu bado inachuruzika maji, na Masalu, Msukuma wetu wa mizani, mwenye mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku, akimpa mkono, Zuberi haendi kunawa, anakwenda moja kwa moja kwenye mkeka wake wa kusalia. Kwa hiyo uchafu ni mimi. Nikawaza labda ni nyama ya nguruwe tunayokula nyumbani Jumapili, nikajisugua kwa limau na sabuni mpaka ngozi ikawasha, na Alhamisi nikaamua kupima kama tulivyofundishwa kwenye sayansi: nikampa mkono, akanawa, nikamvizia mlangoni nikampa tena, "Habari za tangu sasa hivi, Ndugu Zuberi," akanawa, nikampa mara ya tatu, akanawa, pipa letu la maji likabaki na tope tu, maji ya chai hakuna, na Masalu akacheka hadi akaegemea mizani: "Dada, wewe ni masika ya Zuberi! Kila ukitokea, analowa!" Nikamuuliza Zuberi mwenyewe pale pale, "Kwani mkono wangu una nini?" Akatazama chini. "Hauna kitu, dada. Ni maji tu." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kazi hii naipenda, kila kitu kwenye ghala lile nakipenda, lakini nitakaaje na mtu anayeniosha kutoka mikononi mwake kila siku?

Theopista, Mpanda

Theopista,

Weka kalamu chini. Masista walikufundisha mengi, hili hawakukufundisha: katika mafundisho aliyolelewa nayo Zuberi, mwanamume akishatawadha kisha akagusana ngozi kwa ngozi na mwanamke, udhu wake umetenguka, sharti aanze upya. Mwanamke yeyote asiye mama wala dada yake, Mkatoliki au binti wa shehe. Hata mkewe, kama anaye. Hilo hukuniandikia, na nimeona ulivyolikwepa. Nguruwe wako hayumo kabisa. Na Masalu ni mwanamume, ndiyo maana utomvu wake hauhesabiwi.

Sasa fikiri, wewe uliyesoma. Angeweza kuficha mkono wake nyuma, ghala zima likaona umekataliwa. Badala yake anaupokea, anakuitikia, anakwenda kuanza upya, mara tatu kwa siku moja, bila kunung'unika, na wewe unaomba uhamisho! Yeye naye ana kosa: "ni maji tu" si maelezo. Lakini mtu mwenye haya, ukimuuliza mbele ya Masalu, atakujibu nini?

Chana nakala zote tatu, na kaboni pia. Kesho fika na ndoo mbili za maji ujaze pipa, Masalu anywe chai yake anyamaze. Adhuhuri ikifika, simama mbali kidogo, piga yale makofi ya bibi yako, msalimie, mwache aende kwenye mkeka. Usione aibu; bibi yako alijua kumheshimu mtu bila kumgusa.

Akishakunja mkeka, mpe mkono. Imara, ukimtazama machoni, kama masista walivyotaka. Hadi alasiri hana haja ya birika.