Wasikilizaji Hewa

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kuokota skrubu. Wimbo wako wa marehemu mama nimeuona kwenye mtandao wa muziki, na picha yako umekunja uso kama unadai haki yako. Ungetabasamu kidogo ungekufa? Unasema watu mia mbili wameusikiliza. Mia mbili ni nini? Wanaoniletea simu zilizotumbukia chooni ni zaidi ya hao. Tulia, nami nasukuma kwa upande wangu.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu, kichwa hakitulii. Wimbo ulisikilizwa mara elfu tisa kwa wiki moja, nikafurahi kama mjinga. Jana kampuni inayonipelekea nyimbo mtandaoni imeuondoa. Wanasema ni wasikilizaji hewa. Nina siku kumi na nne za kujieleza, la sivyo wanafunga akaunti na nyimbo zangu zote kumi na moja zinakwenda.

Nilipofungua takwimu, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, niliona aibu. Karibu wote wako mji mmoja, huko huko nyumbani. Wanaanza saa mbili asubuhi, wanakoma saa kumi na mbili jioni, Jumapili hawapo. Hakuna hata mmoja aliyeuhifadhi wimbo wala kugusa wimbo wangu mwingine. Watu gani hao?

Nimemjua mhusika. Ni Mpiga Gita. Mwezi uliopita alinionyesha tangazo la jamaa anayeuza wasikilizaji, na ndugu zake wako huko. Jana mazoezini nilimwita tapeli mbele ya wenzetu. Alitia gita kwenye begi lake akaondoka. Miaka sita tumepiga pamoja, dada. Angekuwa hana kosa si angejitetea?

Kitindamimba wako

27 Machi

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya, unaumwa? Nimempigia fundi cherehani jirani yako, anasema uko bandani unatengeneza simu za watu kama kawaida. Zimebaki siku tano. Kampuni nimewatumia takwimu na tarehe zote kuonyesha kwamba si mimi. Wanauliza, basi ni nani? Nimeandika jina la Mpiga Gita, sijatuma. Niambie nitume.

Kitindamimba wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Usitume. Salamu nitazileta siku nyingine, kama bado utazitaka.

Saa mbili hadi kumi na mbili, Jumapili mapumziko: hizo ni saa za banda langu. Simu nikishaitengeneza lazima niipime betri, iwake kutwa huku inacheza kitu. Zamani nilikuwa naweka video za mpira. Ulipotoa wimbo nikaweka wako, unajirudia tu, simu ishirini na tatu mezani. Sauti nazima, maana fundi cherehani analalamika. Nilidhani nakusaidia. Barua yako ilipofika nilizizima zote, halafu nikakosa uso wa kukuandikia. Siku kumi nimekaa na jambo hili huku wewe unamchafua mtoto wa watu. Naona haya kweli. Waonyeshe barua hii, na picha ya meza yangu niliyoambatanisha.

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilikasirika siku tatu, sasa nimechoka. Kampuni wamekubali maelezo. Wimbo unarudi kesho, zile hesabu za simu za bandani kwako wamezifuta zote, na wamesema safari ya pili hawatauliza. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua takwimu kabla ya chai. Nikiona mji mmoja umevimba ghafla, nitawaandikia kabla hawajaniandikia. Waliobaki ni mia mbili na kumi na wanne.

Kwa Mpiga Gita nilikwenda. Hakunifungulia. Alisema kupitia dirisha, "Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekujibu." Amepata bendi nyingine.

Hilo ni langu, si lako. Lakini ubeti wa pili niliutunga kwa ajili yako, na hujawahi kusema neno juu yake. Katika mara elfu tisa, uliwahi kuusikiliza?

Kitindamimba wako

6 Aprili

Kitindamimba,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo.

Sikuwahi. Na fundi cherehani nimemsingizia, yule hata hasikii vizuri. Sauti niliizima mimi. Siku ya kwanza, pale tu mwanzoni unapomwita mama kwa jina lile tulilokuwa tukimwita jikoni, bisibisi ilinitoka mkononi.

Jana mchana nilifunga banda, nikaweka simu yangu peke yake mezani, nikaongeza sauti, nikasikiliza mpaka mwisho. Huo ubeti wa pili: sikujua kama uliona kwamba nilikuwa nakula wa mwisho, ninyi mkishashiba. Ulikuwa mdogo sana.

Ukifungua takwimu utakuta mia mbili na kumi na tano. Huyo aliyezidi ni mtu kweli.

Dada yako