Tundu la Bosko

Mama Kemuma mpendwa wa redio, nisaidie, naomba usome hii meseji, mimi ni mama wa hapa karibu na Sosiot na ndio naweka ufunguo wa banda letu la kupimia majani chai, na hapo kuna mbwa asiye na mwenyewe, tunamwita Bosko, alipovunjika mguu tulichanga tukamletea daktari wa mifugo, na kulikuwa pia na mzee mmoja aliyekuwa akichuna chai kwa shamba kubwa kabla mashine za kuchuna hazijaja, hana kwake, alikuwa analala hapo na Bosko juu ya magunia, sasa kamati ikasema eti majani yatanuka mtu na kiwanda kitakataa, nikaambiwa nifunge, nikafunga, lakini Bosko nilimhurumia nikang'oa ubao mmoja chini ya mlango apite, mtu hawezi kupita hapo. Jumatatu jioni mvua ya mawe ikanyesha, na asubuhi nikakuta kofia ya mzee kwa lile tundu, woi, alijaribu kuingiza kichwa! Leo ni Jumatano, hajaonekana, na Bosko hataki maziwa, anateremka kwa majani chai upande wa mto, anarudi, ananiangalia, anaenda tena. Naogopa kumfuata. Nikikuta kile nafikiria, watu watasema ni mimi. Nifanye nini?

Mwenye ufunguo

Mwenye ufunguo,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Nakusoma hewani kabla ya wengine wote kwa sababu huenda mtu bado anapumua huko, na wewe umekaa unaniandikia! Mbwa amekuonyesha njia tangu jana. Kamati ilisema funga, sawa, lakini huo ubao uling'oa wewe. Huruma unayo, mama, ila uliipima ikamtosha mbwa peke yake.

Sasa weka simu chini. Mwite jirani, beba blanketi na chai ya moto, mpigie chifu mkiwa njiani, mfuate Bosko. Ukimkuta hai, mpeleke hospitali, na akitoka alale jikoni kwako, moto upo. Ukimkuta ametuacha, kaa naye mpaka chifu afike, umweleze ukweli wa ule mlango.

Na ukipita sokoni, uliza mzee anaitwa nani, maana barua nzima mwenye jina ni mbwa. Huko chini chai imeshikana, mtu akilala humwoni. Itabidi umwite.