Alama za Mchumba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Unakumbuka washenga walipokuja Kiwangwa kuniposa? Ulimtuma baba mdogo akaulize habari za yule kijana kimyakimya, kama ilivyo desturi yetu. Akarudi na sifa tele: swala hapotezi, duka analo, ukoo wake unajulikana. Ila mama yake akimwita, haitiki.

"Kaka, ukijumlisha yote, kijana kafaulu," akasema.

Wewe ukaendelea kumenya nanasi. "Hilo halifidiwi," ukamjibu, na posa ikarudi. Nilikununia mwezi mzima, baba.

Sasa kazi yangu ya utafiti ni hiyohiyo. Tunachukua paa, maji, chakula na masomo ya watoto, kila kimoja tunakipa uzito wake, kisha tunaviunganisha kuwa namba moja inayosema kaya inaishije. Ukijumlisha, bati jipya linafunika ukosefu wa maji. Ukizidisha, sifuri moja inafanya yote kuwa sifuri. Siku ya kwanza nilipojaribu njia zote mbili kwa kaya zilezile, nilipigwa na butwaa. Kaya iliyokuwa juu iliporomoka mpaka chini, na nyumbani kwao hakuna hata kijiko kilichohama! Nikasema, Subhanallah, kumbe siku ile baba alikuwa anazidisha.

Mwezi huu ameposwa binti yangu, mjukuu wako Mwanaidi. Kaka yangu alikwenda kuuliza Bagamoyo mjini, akarudi uso umemchangamka: kijana ana kazi, ana dini, tena mcheshi. Kisha akashusha sauti. Kijana huyo amewahi kumpiga dada yake mbele za watu, na si mara moja.

Wote wakanisubiri mimi niseme, na Mwanaidi anampenda. Niliogopa, baba. Wewe ulikata neno peke yako. Mimi nikamketisha Mwanaidi jikoni, nikamweleza yote, moja baada ya jingine, bila kuyachanganya.

Akasogeza kikombe cha chai pembeni.

"Hilo la dada yake nilikuwa nalijua, mama," akasema. "Nilikuwa najumlisha."

Posa tumeirudisha leo asubuhi, kwa kauli yake mwenyewe. Pumzika, baba. Mungu akunurishie kaburi lako.

Binti yako,
mama yake Mwanaidi