Gawio la Kampuni Isiyo na Dhahabu

Nyamasaria, Jumapili baada ya ibada

Achieng mjukuu wangu,

Leo nitakueleza yote, sitaficha kitu. Sisi ni wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeuliza kwa nini nisiuze hisa za kampuni ya kutafuta dhahabu, maana hazijawahi kutupa gawio. Nilipokuwa msichana wa shule, baba yangu, aliyezinunua, alinipeleka kwenye mkutano wa wanahisa hapa Kisumu. Alikwenda na hasira.

"Bwana mwenyekiti, gawio hakuna, na mwaka huu hata soda hakuna?"

Watu wakacheka.

"Mzee, hatujapata dhahabu ya kuuza. Pesa zote zinatumika kuchimba."

Kisha mwenyekiti akatupitishia kipande cha mwamba, laini na cha mviringo kama mpini wa jembe, kilichotolewa na mashine ya kutoboa chini kabisa ardhini. Baba alivua kofia, akakipokea kwa mikono miwili.

"Hiki hakijawahi kuona jua," akaninong'oneza. "Sisi ndio watu wa kwanza kukishika."

Hakuuliza tena habari za gawio.

Sasa nataka kuziandika hisa kwa jina lako. Huenda zisikuletee hata soda. Utazipokea, au niziuze? Nijibu upesi.

Nyanya yako