Kiti Kinachozunguka

Jumamosi usiku, Kahororo

Bado nacheka peke yangu hapa ofisini kwangu. Ofisini kwangu! Hata kuliandika kunanifurahisha.

Tangu asubuhi nilikuwa na wasiwasi. Mama mkwe anakuja kutoka Ngenge, na chumba anacholala kila akija ndicho nilichokigeuza ofisi. Kitanda nimekitoa, meza nimeiweka dirishani, kuta nimezipaka kijani. Nilishachoka kutafsiri nikiwa kitandani, watoto wananirukia mgongoni.

Alipofika alifungua mlango, akatazama huku na huku. Nikaanza kujitetea, "Mama, nilitaka kukuambia, ila..."

"Hiki kiti kinazunguka?"

Akakikalia. Nikamsukuma kidogo, kitenge kikapepea, akacheka mpaka akashika meza. "Waitu! Jamani, tena!"

Tukarudia, mpaka kizunguzungu kikamshika. Ndipo akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Mimi nitalala na wajukuu. Lakini akija mgeni mwingine, asilale humu. Mwambie wewe mwanangu una kazi."

Kazi! Na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu kwamba nashinda nikichezea kompyuta.

Nilitaka kumkumbatia, nikaona aibu. Nikakimbilia jikoni kumenya ndizi, huku nikiimba kwa sauti mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.