Mume Wangu Amemtolea Mungu Kitanda Chetu Bila Kuniuliza

Na hapo hapo nikaizima redio, Mama Eudosia, uliposema Jumanne kwamba wake wapya wajifunze kunyamaza Kwaresima hii, maana nilikuwa jikoni namenya maharage mabichi, nikasema huyu mama nampenda na namsikiliza kila wiki lakini leo hajui anaongea na nani, kwa hiyo nimekaa kukuandikia ili ujue, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo lisilorudi nyuma, na usinifiche jina kama unavyowaficha wengine, lisome tu, Narcisa Intriago wa nyumba ya misheni ya Quillupamba, kwa sababu humu ndani kila mtu anajua mambo yangu na kila mtu ana maoni.

Kwanza uelewe kwamba mume wangu nampenda, nampenda mpaka najionea aibu, nikimwona anapanda kilima na vazi lake la poncho la kijivu na masikio mekundu kwa baridi moyo wangu unaruka kama wa msichana wa shule. Anaitwa Leonidas Chicaiza. Alikuja kwetu pwani, Manabí, na wamisionari kutengeneza paa la kanisa letu dogo, akateleza akaangukia kwenye kakao ya mama iliyoanikwa, na badala ya kulilia mgongo wake akaanza kumwomba mama radhi kwa kila punje aliyoivunja, nami nikasema moyoni huyu ndiye, sitafuti mwingine. Tulifunga ndoa Januari. Nikaacha joto, nikaacha ndizi za kukaanga za mama, nikamfuata huku juu milimani ambako maji ya kunawia asubuhi yanauma kama nyuki, ili tutumike pamoja kama wamisionari walei, yeye akitembelea vijiji na mimi nikiwafundisha watoto katekisimu na nyimbo. Tulipewa chumba chenye dirisha moja. Kitanda alikitengeneza mwenyewe, Mama, kwa mikono yake, na ubavuni mwake akachonga ua la kakao, dogo, ambalo ukilala chali hulioni mpaka ugeuke upande wangu, na nilipoliona mara ya kwanza nililia.

Sasa sikia. Katika nyumba hii kuna desturi kwamba Jumatano ya Majivu, baada ya supu, kila mmoja anasimama mezani na kusema anamtolea Mungu nini mpaka Pasaka, na neno likishasemwa kwenye meza ile halirudishwi. Padre Evelio, mkuu wetu, akasimama akatoa kahawa, wote tukamwonea huruma maana bila kahawa Padre haongeleki. Sista Benilda akatoa mpira wake wa redioni, yeye ambaye timu yake ikifungwa hata rozari huisali kwa hasira. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutoa vitu vitamu, hata maneno nimeyapanga. Kabla sijainuka, Leonidas akasimama, uso umemng'aa kama mtoto wa komunio ya kwanza, akasema, "Mimi na mke wangu tunamtolea Mungu kitanda chetu. Mpaka Pasaka tutalala mbalimbali, kila mtu na sala zake."

Mama, mimi nilikuwa na kijiko mdomoni.

Padre akapiga makofi. Akasema, "Mmeona? Hawa ndio vijana wa misheni!" Sista Benilda akanigonga bega akasema, "Heri yako, Narcisa, unaonja ujane ukiwa na mume mzima." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikapiga na makofi, sijui kwa nini, mikono ilikwenda yenyewe. Hata supu haijapoa, masista wakanikokotea godoro mpaka kwenye korido yao, nikapewa chumba kilichopakana na cha Sista Benilda ambaye anakoroma kama lori linalopanda mlima na gia mbovu.

Ndiyo Kwaresima yangu hiyo. Tunakutana mlangoni mwa kanisa kama watu wa foleni moja. Juzi alinishika kidole kwenye ngazi akaninong'oneza, "Vumilia, mpenzi wangu."

"Mpenzi wako nani? Mpenzi wako yuko sakristia, anapiga makofi."

"Narcisa, una nini?"

"Sina kitu."

"Una hasira?"

"Nimekwambia sina kitu, niache nifue."

Basi akaniacha! Akaenda zake vijijini! Nikachukua koti lake la baridi nikashonea vifungo mahali pasipo na matundu, makusudi, ili apate akili, na unajua alifanya nini? Akalivaa hivyo hivyo, limeachama kifuani, upepo unaingia, akaniambia mbele ya watu, "Asante, mke wangu kanishonea vifungo." Nusura nimrushie mwiko.

Kila Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, tunakaa kwenye duara na kila mtu anamsahihisha mwenzake kidugu, jambo moja tu, na mwenye kusahihishwa hajibu mpaka aruhusiwe. Ijumaa iliyopita Sista Benilda akanigeukia, akasema, "Narcisa, unabamiza milango. Milango haijakukosea."

"Kweli, Sista," nikasema bila kungoja ruhusa, "aliyenikosea hana bawaba."

Leonidas akatazama viatu vyake. Padre akatabasamu lile tabasamu lake la mtu asiye na kahawa, akasema, "Mwanangu, Kwaresima ni jangwa. Lazima kiu iwepo." Na hapo, Mama Eudosia, jibu lilinifika kooni kabisa, nilitaka kumwambia, Padre, jangwani Yesu alikwenda mwenyewe, hakumwandikisha mama yake bila kumwambia. Nikalimeza. Nikaomba ruhusa nikaenda kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Kinachoniunguza si baridi ya godoro. Angeniuliza, Mama, angeniuliza tu, tukiwa wawili, huenda ningekubali, na ningekubali kwa furaha, maana mimi nampenda Mungu pia, sikuja huku kutalii. Lakini Padre ametoa kahawa, Sista ametoa mpira, na Leonidas amenitoa mimi. Mimi ni kahawa? Na kuna kingine ambacho sijamwambia mtu. Leonidas alikaa seminari miaka miwili kabla hatujakutana, akatoka mwenyewe. Sasa nikimwona anavyong'aa Padre akimsifu, nikimwona amepiga magoti peke yake, mgongo umenyooka, hata hanigeukii, najiuliza kama anajuta. Najiuliza kama mimi ndiye kosa analolifanyia toba. Nikifika hapo sipumui vizuri.

Kaka yangu Wilfrido analeta samaki wa chumvi sokoni Riobamba, wa watu kupikia fanesca, ile supu ya Juma Kuu, na Jumapili ya Matawi lori lake linarudi Manabí tupu. Nimemwambia aniachie nafasi ya mbele. Hakuuliza kitu, alisema tu, "Ukija usilie garini, nitashindwa kuendesha." Nguo zangu zimekunjwa ndani ya mfuko chini ya godoro. Nikipanda lori lile sijui kama nitarudi kwenye kitanda chenye ua. Nikibaki, naogopa kwamba nitaanza kumchukia mtu ninayempenda kuliko wote duniani. Niambie, niende au nibaki? Ila usiniambie ninyamaze. Hilo nimelifanya na limenishinda.

Wako mwenye hasira,
Narcisa Intriago, mke wa Leonidas

MAMA EUDOSIA ANAJIBU

Narcisa, mwanangu, jina nimelisoma hewani kama ulivyotaka, sasa vumilia na majibu yake. Na Jumanne ungeniacha nimalize. Nilipotoka kwa wake niliwageukia waume, na waume siku ile walikiona.

Naanza na huyo wako. Leonidas Chicaiza, najua unasikiliza, maana redio ya jikoni hapo misheni haizimwi mpaka mkeo aizime. Funga mlango ukae. Mtu humtolea Mungu kilicho chake. Ukimbeba kondoo wa jirani ukampeleka altareni, hiyo si sadaka, ni wizi uliofukizwa ubani. Kitanda kile umekitengeneza wewe, mbao ni zako na msumari ni wako, lakini tangu Januari kulala humo si kwako peke yako. Kanisa lililokufungisha ndoa halijawahi kukufundisha kwamba mmoja anaweza kufunga kwa niaba ya wawili, wapatane kwanza ndipo wafunge, na wewe uliyekaa seminari unalijua hilo kuliko mimi niliyeishia darasani kwa masista. Ulitaka kusifiwa, mwanangu. Umesifiwa. Umeona bei yake? Mkeo amekunja nguo. Na kama kuna siku unakumbuka seminari ukasikia majuto, mwambie. Kama husikii, mwambie upesi zaidi, maana yeye hapumui vizuri na wewe unatembea na koti limeachama ukidhani umependwa.

Padre Evelio, na wewe nakuheshimu, ulimzika mume wangu kwa maneno mazuri ambayo bado nayakumbuka. Lakini jioni ile kulikuwa na swali moja tu la kuuliza: "Na wewe, Narcisa, unasemaje?" Lingekuchukua pumzi moja. Ulipiga makofi badala yake. Desturi ya neno lisilorudishwa ni nzuri kwa kahawa, Padre. Kwa mtu haifai. Kunywa kikombe kimoja, ufikirie, halafu rudi kwenye mfungo wako.

Sista Benilda, kalale ubavu. Itasaidia.

Sasa wewe Narcisa, usicheke, zamu yako imefika. Hasira yako ni ya haki na sitakuambia uiache. Nakuuliza kitu kingine. Umeuambia mlango. Umeviambia vifungo. Sufuria zimejua, Wilfrido amejua, na leo umeiambia milima yote inayopata mawimbi yetu. Yeye je? Alikuuliza ukiwa kwenye ngazi, "Una nini?" ukasema huna kitu. Aliuliza tena, ukamfukuza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia uso kwa uso, "Hukuniuliza, na imeniuma." Hapapo. Huyo mume wako ni mtu wa huku juu, amelelewa na watu wanaoweza kukaa kuzunguka moto mmoja mpaka uzimike bila kusema neno, ukimwambia huna kitu anaamini. Kwenu pwani ya Manabí mtu akibamiza mlango mtaa mzima unakuja kuuliza. Hapa wanatia mafuta bawaba.

Fanya hivi. Jua likitoka vizuri, chukua mablanketi mawili mazito, umwite Leonidas mwende mkayafue mtoni. Kukamua blanketi la sufu ni kazi ya watu wawili, kila mmoja anashika ncha yake, na mtu aliyeshika ncha ya blanketi hawezi kukimbilia vijijini. Hapo mwambie yote. Mwambie lile la kahawa. Mwambie na lile la jangwa, ulilolimeza mbele ya Padre, maana hilo ndilo neno lenye maana kuliko yote uliyoandika, na limekaa kooni mwako muda mrefu mno. Muulize kuhusu seminari, kisha nyamaza, lakini nyamaza ili usikie jibu. Kamua mpaka amalize.

Ijumaa, mezani pale pale alipolitoa neno lile, asimame alirudishe, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Asiponyanyuka, wewe simama, halafu beba godoro lako mchana kweupe, upite katikati ya korido, usimwombe mtu radhi. Baada ya hapo mkitaka kufunga, kaeni wawili, pataneni ni kitu gani na kwa muda gani, na msimtangazie mtu. Na vile vifungo vifumue uvishone upya. Mtu akifa kwa kifua hamtapata wa kugombana naye.

Wilfrido mwambie nafasi ya mbele apakie makasha yake. Manabí mtakwenda, mama yako anawangoja, lakini baada ya Pasaka na wote wawili, mkiwa mmebanana kwenye kiti kimoja.

Na msidhani nimemaliza kwa kusoma barua. Kabla Machi haijaisha nitapanda huko Quillupamba kwa miguu yangu, na maboga yangu mawili ya kuchangia fanesca, na Padre anikaribishe au asinikaribishe, nitaomba nionyeshwe hilo ua la kakao, na nitataka nikute mito miwili juu ya kitanda.