Moyo wa Taa ya Lori

Matogoro, Songea
4 Machi 2024

Binti yangu Brigita,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tu wazima. Mama yako anapalilia mahindi na kunigombeza kwa zamu. Wewe na joto la Dar mnaelewana?

Naandika barua kwa sababu simu yangu mama yako huisoma kabla yangu. Vioo vya rangi vya kanisa letu vimepakiwa jana kuletwa hapo karakana kwenu. Najivuna, mwanangu. Kanisa ambalo babu yako alilichomea matofali linarudishiwa sura yake, na vioo vyake vinapita mikononi mwako.

Ila kuna jambo. Kwenye dirisha la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ule moyo wenyewe si kioo cha wamisionari. Mwaka 1983 mvua ya mawe iliuvunja, na mimi ndiye niliyekuwa natunza sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada. Madukani hata kiberiti kilikuwa cha kutafuta, sembuse kioo chekundu. Nikamwomba Hassani wa Mjimwema taa ya nyuma ya lori lake bovu, nikaichonga, nikaipachika kabla ya Jumapili. Watu nikawaambia kioo kimetoka misheni. Miaka arobaini sasa wanapiga magoti mbele ya taa ya breki!

Itoe kimyakimya, weka kioo cha haki. Pankrasi, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, akijua atanitangaza hadi Ruhuwiko. Nisitiri.

Baba yako,
Dionis

Dar es Salaam
19 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Milele amina. Mimi mzima, jasho tu. Mama msalimie, na asisome hii.

Barua yako imechelewa. Mzee Saleh, fundi mkuu anayenifundisha, alikuwa ameshalifungua dirisha mezani. Aliinua moyo kwenye mwanga, akacheka sana. Kisha akaugeuza, akausogeza karibu na macho. Akatuonyesha kingo zilivyosagwa kwa jiwe, na mkanda wa madini ya risasi uliouyeyusha kutoka kwenye betri mbovu. "Huyu hakufundishwa na mtu," akasema, "na kazi yake haijavuja tone." Akauliza ni nani, nami sikujua hadi barua yako ilipofika siku ya pili. Baba, nilisema mbele ya mafundi wote: ni baba yangu. Sijawahi kuringa hivyo maishani.

Sitaki kuitoa. Lakini ili irudi, kamati lazima isaini, na haiwezi kusaini isichokijua. Waambie wewe mwenyewe kabla Aprili haijaisha. Ukikataa, nitakata kioo kipya kama ulivyoagiza na nitanyamaza. Ila nitaumia.

Mwanao,
Brigita

Matogoro
2 Aprili 2024

Brigita,

Nilikuomba unisitiri, ukanianika kwa mafundi wa Dar. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi kosa ni langu. Kata kioo kipya.

Baba

Dar es Salaam
20 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Simu hupokei. Kioo kipya nimekikata, kizuri tu. Nitakipachika mwezi ukiisha. Nisamehe kwa kukutaja. Furaha ilinizidi.

Mwanao,
Brigita

Matogoro
Jumapili, 28 Aprili 2024

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua ile niliiandika kwa hasira, hata salamu nikakunyima. Naona aibu.

Leo baada ya matangazo nimesimama kanisani. Nimesema yote: taa, betri, uongo wa misheni, na kioo kipya cha kuiondoa taa. Nimeomba msamaha. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikajiambia, Dionis, umekwisha.

Ndipo Bibi Hilda akainuka. "Mimi Aidan wangu alipougua niliombaga pale pale, na Aidan yule anaimba besi. Mnataka kuutoa moyo ule kwa lipi nyie?" Vigelegele! Pankrasi ameshaanza kuniita Breki, na jina hilo sitaliepuka. Ila yeye ndiye aliyesaini wa kwanza. Karatasi ya kuirudisha taa imo humu.

Wameamua chini ya dirisha yaandikwe majina mawili: langu na 1983, lako na mwaka huu. Mama yako amelia kutoka kanisani mpaka nyumbani, na mimi sikuwa nyuma.

Mafundi wa huku walitaka walipachike dirisha wao. Nimekataa mbele ya watu. Njoo ulipachike kwa mkono wako, waumini wa kigango kizima wakuone. Ngazi nitashika mimi.

Baba yako,
Fundi Dionis